Kumi na Tano kwa Ishirini

Hati inasema: mita kumi na tano kwa ishirini.
Mnunuzi kaja na kamba, mwanawe kashika ncha.
Nyumba hata hakuitupia jicho:
madirisha mapya, bati la mwaka jana,
sakafu ya saruji ambayo deni lake
bado linanigongea mlango.
Anapima udongo.

"Kumi na tano kwa kumi na saba," anasema,
na bei anaikata hapo hapo.

Namwambia, Kadutu ni mteremko, bwana,
mvua nayo ina kamba yake.
Mita tatu zilishuka Aprili, usiku,
pamoja na choo
na mparachichi wa marehemu Nsimire.

Huko chini kwa Cishugi kiwanja kimenenepa.
Kapanda maharage juu ya udongo wangu,
na juzi, nasikia,
kapandisha bei.