Maganda Magumu

Msiniulize nani alipiga gitaa, hilo mji mzima unajua.
Niulizeni nani alichana spika.
Ni mimi. Kwa wembe wa kunyolea, uani, Chikongola,
mwaka ambao sukari ilikuwa kwa foleni.
Nilikata koni mistari mitatu, nikamwambia Ladislaus, "Gonga."
Akagonga.
Kuku wa Bi Somoe walilala juu ya bati, hawakushuka hadi kesho yake.

Walikuwa wanne, wote wa kiwandani, wabanguaji.
Mafuta ya ganda la korosho yaliwala ncha za vidole,
hata karani wa mishahara alipotaka dole gumba
wino uliacha duara tupu, halina mstari, halina mwenyewe.
Vidole vya namna hiyo haviogopi waya.
Na waya wenyewe? Breki za baiskeli,
tumezifumua uzi kwa uzi, usiku, kwa koroboi.

Nampunda ngoma. Chilumba besi, haongei.
Saidina mbele, mtu wa boila,
koo lililozoea kubishana na mvuke.
Jina likaja lenyewe: Maganda Magumu.

Basi wakapanda.
Kantini ya kiwanda, kisha Masasi, kisha Newala kwenye baridi,
kisha Nachingwea, ambako wapigania uhuru wa ng'ambo ya Ruvuma
walicheza na buti zao, sakafu ikatoa ufa
(mwenye ukumbi alinidai mimi, eti fundi).
Bugaluu zilifagia vumbi, raizoni zilivunja vifundo.
Vijana wa zamu walisimama mlangoni na mikasi.
Katibu wa tawi akauliza, "Wimbo huu unafundisha nini?"
Saidina akaongeza ubeti wa palizi ya mikorosho.
Kelele zikabaki zilezile.
"Ntu huyu ana jini la chuma," walisema wamama wa Shangani,
na binti zao wakaruka ukuta.

Ikaja barua ya redio: njooni Dar, Alhamisi, saa nne, mrekodi.
Tulipanda lori la magunia mwezi wa Machi.
Wa kusini wenzangu mmeshacheka.
Rufiji ilikuwa imekula kivuko, na barabara, na mahali pa barabara.
Siku kumi na tatu tulikula mihogo ya watu.
Alhamisi ilipita tunaitazama, kama basi lisilosimama.
Gitaa likavimba mvua. Ladislaus alilipangusa kwa shati,
halafu akaliacha.
Hakuna aliyegombana. Ingekuwa heri tungegombana.

Baada ya hapo mambo yalidondoka bila kishindo.
Chilumba alikwenda Kagera, akarudi mzima,
ila kila mlango ukijibamiza analala chini.
Besi yake aliifungia kwa godoro.
Nampunda alipeleka ngoma jandoni kulipa deni, hazikurudi.
Ladislaus yuko Ndanda, anaimbisha kwaya kwa mkono mmoja
na mwingine mfukoni, sijui unashika nini.
Kiwanda kilinyamaza siku ya Jumatano. Popo wakaingia Alhamisi.

Onyesho la mwisho lilikuwa na watu sita,
wawili wao wadeni wetu.
Katikati ya wimbo umeme ukakatika, mji mzima ukawa chungu.
Saidina hakuacha.
Bila maiki, bila waya, bila wembe wangu,
na ndipo miaka yote hiyo tukajua
kwamba sauti yake ilikuwa ndogo,
ndogo, safi, ya mtu anayembembeleza mtoto wa jirani.
Niliona aibu, kama niliyemfungulia mtu bafuni.

Juzi binti mmoja kaniletea redio.
"Fundi, inakwaruza, irekebishe."
Nikaifungua: koni imechanika, mistari mitatu, panya tu.
Nikaiwasha tena, nikaongeza sauti, nikaongeza,
hadi akaziba masikio.
Kisha nikapaka gundi.
Nilimtoza elfu mbili.