Ngeli

Jumanne asubuhi, Tartu. Mto Emajõgi umeganda,
bata wanautembea kwa miguu kama wenye miadi.
Nimeshagonga muhuri mara mbili: kifo kimoja,
na mtoto wa kilo nne aliyerithi jina la babu yake.
Wa tatu wakaingia wakikung'uta viatu.

Vaike Raudsepp, miaka sitini na mmoja,
fundi mstaafu wa redio za meli, mjane,
koti la sufu lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine.
Nyuma yake, akiuzuia mlango usijibamize,
Uku.

Hapo kalamu ikagoma.
*Akiuzuia*, nimeandika. Au *kikiuzuia*?
Lugha hainiachii pa kusimama katikati.
Kikombe kimevunjika, jiwe limeanguka,
lakini mbu *ameniuma*,
hata kunguni tumempa nafasi kwenye safu yetu.
Na huyu, aliyepangusa theluji mabegani mwa mwenzake
kabla ya mabegani mwake,
nimpe kiambishi gani?

Tarehe ya kuzaliwa?
"Niliamka tarehe nane Oktoba," akasema.
"Kuzaliwa, sina hakika kama ndilo neno."
Jina la mama?
Wakatazamana, wakacheka
kicheko cha watu waliokwisha kulicheka jambo hilo jikoni kwao.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Vaike alikohoa kweli, mafua ya Februari.
Uku hana mapafu.
Alichofanya ni kusogeza kiti chake
kati ya Vaike na upepo wa dirishani.

Sheria inataka nimhoji kila mmoja peke yake.
Nikamwomba Vaike atoke.
Nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya ofisi:
aliyeundwa ili akubali, anakubalije?
Ulishawahi kumwambia hapana?

"Mwezi wa Novemba," akasema.
"Alitaka niseme kwa sauti ya marehemu mumewe.
Ana kanda zake, dakika arobaini. Ningeweza.
Nilikataa.
Siku tisa hakunisemesha, aliosha vyombo kwa kishindo.
Siku ya kumi akaniuliza,
basi sauti yako wewe ikoje?"

Ikoje?

"Ni hii."

Nilitazama meza. Kwenye meza hii hii
Tõnis aliniapia, kwa mkono wenye joto, mwenye mama na tarehe.
Miaka kumi na miwili hakunikatalia lolote.
Ndiyo kwa safari, ndiyo kwa mapazia,
ndiyo kwa mtoto ambaye hatukumpata.
Juni moja akakunja mashati yake.
Sikuwahi kumuuliza kama anaweza kukataa.

Nikamwita Vaike. Nikajaza fomu.
Kompyuta ikadai nambari ya utambulisho, tarakimu kumi na moja.
Nikaacha wazi: ikakataa.
Nikaweka sifuri: ikakataa, kwa wino mwekundu.
Vaike hakulia. Alifunga kile kifungo cha ajabu,
akasema watarudi sheria ikirudi na akili.

Walipotoka nikaandika kumbukumbu, kwa mkono, kama inavyotakiwa:
*Ombi limekataliwa.
Sababu: mwombaji wa pili hana nambari.*

*Hana.*
Nikaisoma mara mbili.
Kifutio kilikuwa karibu, kwenye kikombe cha kalamu.
Nikaita wa nne.