Ndoo ya Kijani

Zamu yangu ya likelemba imeangukia Juni:
dola mia sita. Cikuru anataka mabati.
Mimi nataka matumbawe.

Miaka kumi na minne nayachora ubaoni, Kadutu,
kwa chaki nyekundu, na ikikosekana, kwa kipande cha tofali:
pembe za kulungu, ubongo, vidole, upepeo.
Watoto wanaandika. Mushagalusa anainua mkono.
"Mwalimu, umeyaona?"
Nafuta ubao.

Sasa tuseme ukweli wa tumbo langu.
Meli ya usiku, Bukavu hadi Goma,
ziwa limelala kama shuka iliyopigwa pasi,
abiria wanakula sambaza, wanacheza karata,
nami, hata Idjwi hatujaipita,
nimekumbatia ndoo ya kijani ya mwanamke nisiyemjua.
"Baki nayo, mama," aliniambia. "Usinirudishie."
Ninayo mpaka leo. Tunachotea maji ya kuoga.

Na si ziwa peke yake. Kwenye kona za Ngomo
dereva mmoja alinishusha mara tatu,
ya nne akanihurumia akazima injini akavuta sigara.
Hata kiti cha kinyozi, kile kinachozunguka,
hunitoa jasho baridi.

Kiswahili kinasema moyo umechafuka.
Kinakosea kiungo, hakikosei jambo:
moyo uleule unaotaka kwenda
ndio unaochafuka njiani.

Basi nimeandika nyuma ya daftari la mahudhurio:
Ruzizi kwa miguu, pasi mkononi.
Basi hadi Kigali, kiti cha mbele.
Basi hadi Dar, usiku na mchana, usisome kitu.
Halafu kisiwa. Halafu, na hapa kalamu inasita,
boti, mwendo wa saa nne.

Mfamasia wa Nyawera, kijana mwenye miwani ya kaka yake,
ananihesabia vidonge vya manjano.
Kimoja, nusu saa kabla. Vinaleta usingizi.
Usingizi kiasi gani?
Anafikiri. "Mama, utafika. Ila hutajua kama umefika."
Yaani nitoe dola mia sita
nikakorome juu ya bustani ya Mungu!

Nsimire anasema tafuna tangawizi.
Mama mkwe anasema nusa ganda la ndimu,
funga tumbo kwa kitenge, na maharagwe usiyaguse.
Cikuru anasema mabati hayayumbi.

Jumapili nilikodi mtumbwi pale Nguba, nijizoeze.
"Kaa katikati," alisema mwenye kasia. "Tazama mbali,
chagua kitu kisichoondoka."
Nikachagua kuba la kanisa kuu.
Dakika kumi na moja.
Ya kumi na mbili nikawapa samaki chai yangu yote.
Jumapili ya kabla ya hiyo zilikuwa tisa.
Hilo nalo nimeliandika.

Kisha, nikisahihisha mitihani, nikakumbuka ninachofundisha:
mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua,
maji hupwa kuliko siku zote,
na iko pwani, nimeuliza, nimeuliza tena,
ambako mwamba unafikika kwa miguu,
maji magotini, viatu vya plastiki,
matumbawe yameachwa kwenye vidimbwi
kama mboga kwenye mabakuli.

Nimekifuta kisiwa. Nimeifuta boti.
Yale makubwa, ya kina kirefu, sitayaona.
Sikufuta kabisa. Nimepiga mstari mmoja,
mwembamba, na chini yake panasomeka.

Leo Mushagalusa kauliza, ni jiwe au ni mnyama?
Mnyama, nikamwambia. Huzaliwa akielea,
hutupwatupwa na mawimbi siku chache,
kisha hushika mwamba, na hasafiri tena maisha yake yote.
"Kwa nini, mwalimu?"
Darasa zima lilinitazama.
Nilikaribia kusema: kaulizeni tumbo lake.

Julai, mwezi mpevu. Vidonge sita, viwili vya akiba.
Tangawizi. Kitenge.
Cikuru ameniuliza ndoo inakwenda wapi.
Nimemwambia tunakwenda wote.
Yeye, mimi, na ndoo.
Bado hajajibu. Anapima paa kwa macho.