Pimamaji ya Fundi Pandu

Saa kumi na mbili na robo, pampu bado zimelala,
nateremsha utepe ndani ya bomba la kwanza,
lile la ukingoni mwa shimo la mchanga.
Kengele yake ya shaba inagusa maji: tup.
Mita kumi na moja, sentimita arubaini.
Juzi ilikuwa ishirini na sita.
Naandika kwa penseli;
umande wa Donge hauna adabu na wino.

Bomba la pili limo uani mwa chuo.
Watoto wamo kwenye alifu kwa kijiti,
macho yao kwangu, nimepiga magoti,
nimetega sikio kwenye tundu la chuma.
"Maalim, yule anaongea na nani?"
Tup. Mita tisa kasorobo.
Nilitaka kumjibu: na mpangaji wa chini,
anayehama usiku bila kuaga.

Shimoni hesabu ni nyengine.
Ukuta wa mashariki unatoka jasho.
Pampu mbili zinakunywa mpaka isha,
zinatapika mtaroni, mtaro unashuka pwani,
maji matamu yanakwenda kufia kwenye chumvi.
Nayapima kwa ndoo na saa ya mkononi:
Rajabu ndoo ilijaa kwa sekunde saba,
sasa nne, na Shaabani haijaisha.
Mchanga wa hapa ndio kuta za nyumba za mjini,
na ya kwangu imo. Sijifanyi walii.

Kisha kijito.
Kigingi cha mvule nilikipigilia mwenyewe,
nikakichora namba kwa rangi nyekundu.
Jumatatu maji yalifika thelathini na mbili.
Leo thelathini na tisa.
Bwana Silima wa ofisi ya shimo
alicheka mpaka kofia ikamwinamia:
"Si hayo! Yameongezeka!
Andika, dada. Andika kwa kalamu."

Bi Kazija alikuwa katikati ya mpunga wake,
tope limepasuka kama kisigino.
"Yameongezeka wapi, yakhe?
Mbona mie nayatafuta kwa jembe?"

Usiku ule sikulala.
Mmoja wao mwongo:
kigingi changu, au mguu wa Bi Kazija.

Asubuhi nikamwita Fundi Pandu Ame, muashi,
aje na pimamaji yake:
mpira mwembamba unaopenya mwanga,
umejaa maji, hauna hata povu moja.
Ncha hii kwenye msumari wa msingi wa msikiti,
uliopigwa kwenye mwamba kabla sijazaliwa;
ncha ile mkononi mwangu.
Tukahamisha mara nne kuteremka bondeni.
Maji ndani ya mpira yakapanda, yakashuka,
yakatulia, kama mtu aliyekumbuka jina.

Kigingi kimeshuka sentimita kumi na nane.
Maji yameshuka kumi na moja.
Toa.
Ndiyo ile saba iliyomchekesha Bwana Silima.

Nilikaa chini palepale, majani yakanilowesha.
Kipimo kilikuwa kikizama pamoja na kinachopimwa,
wima, namba zake safi,
rangi haijachubuka hata kidogo.
Mwezi mzima nimekisoma kwa heshima.

Nilipompelekea daftari, Bwana Silima
hakucheka, wala hakukasirika.
Alisoma mistari yote, akakuna shavu.
"Na huo msumari wa msikiti,
nani kaupima?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Fundi Pandu aliukunja mpira begani,
akayamwaga yale maji kwenye jaruba la Bi Kazija,
kikombe na nusu, hayazidi.
Ufa uliyameza kabla hajanyoosha mgongo.

Leo nimebeba nyundo na misumari miwili.
Ule mlima wa mawe nyuma ya skuli,
wanasema haujawahi kusogea.
Nitaanzia huko.
Lakini kwanza bomba. Utepe. Nasikiliza.
Mita kumi na moja, sitini na tatu,
na tup yenyewe imechelewa kidogo.