Karatasi Haikimbii

Ghala hili lilikuwa la jibini. Bado linanuka maziwa yaliyochacha
kila kipasha joto kinapoanza kunguruma,
na nje, Wausau yote imelala chini ya theluji ya Januari.
Nimekuja na miaka thelathini na saba ya msituni
na goti lisilotaka tena kupanda dungu.

Pa Nhia Thao akanipa upinde wa mbao, mwepesi, wa watoto.
Hauna kapi. Hauna kifyatulio cha kufunga mkononi.
Nikacheka kidogo.
"Vuta," akasema, "kisha ukae nao."

Upinde wangu wa nyumbani ukishavutwa una huruma:
magurudumu hubeba mzigo, wewe ukabaki kuchungulia.
Huu hauna. Kadiri unavyongoja
ndivyo unavyodai.
Vidole vitatu, upote chini ya kidevu, na bega
likaanza kutetemeka kama la mvulana mbele ya wakwe.
Mzoea vya kunyonga...
nikaimalizia mwenyewe moyoni.

Mshale wa kwanza ukaenda kwenye karatasi ya jirani.
Jirani ana miaka kumi na mmoja, anaitwa Maren Drozdek.
Akauchomoa, akaufuta kwa shati, akanirudishia
kama anayerudisha chenji.

Msituni mshale ni mmoja.
Pengine mwaka mzima ni mmoja: Novemba, alfajiri,
pumzi umeificha ndani ya kola,
chembe kimenolewa hadi kinanyoa malaika ya mkono.
Ukiachia, hushuki. Unahesabu nusu saa
mnyama apate kulala, afe bila kukimbizwa.
Unasikiliza: tawi, kwato, jani, kisha kimya
chenye uzito wake.

Hapa nikaachia, nikasimama, nikasikiliza.
Filimbi ikalia mara tatu. Wote wakaenda kuchomoa.
Maren akageuka: "Twende, mzee. Karatasi haikimbii."

Haikimbii.
Yule jike wa mwaka juzi alikimbia.
Nilimfuata kwa tochi, tone baada ya tone,
damu juu ya majani ya mwaloni kama mtu aliyepita akihesabu,
mpaka kinamasi, mpaka maji,
mpaka hakuna la kuhesabu.
Sikumwambia mtu. Nilisema ni goti.

Machi, na upinde wangu mwenyewe sasa,
wakanifungia kile kibati:
chuma chembamba kinachoulalia mshale.
Ukivuta sawasawa, mgongo ukafunguka unywele mmoja zaidi,
kinalia ta! Ndipo uachie, si kabla.
Mimi niliyefunga kitambaa kila kishikizo,
niliyepaka mafuta kila bawaba ya dungu
kulungu asisikie hata kidogo,
leo nangoja mlio unipe ruhusa.

Mara nne hakikulia.
Mara ya tano nikashusha upinde, polepole,
mshale ungali kwenye upote.
"Vizuri," akasema Pa Nhia, akaandika kitu daftarini.
Sikuwa nimepiga chochote.
Nilitaka kumwuliza ameandika nini.

Saa tatu usiku, maegeshoni, kulungu jike
alikuwa akilamba chumvi waliyomwagia barafu,
hatua ishirini, ubavu wazi.
Mkono wa kulia ukapanda wenyewe hadi kidevuni,
mtupu, vidole vitatu vimekunjwa.
Nikangoja mlio.
Akainua kichwa, akanitazama,
akaendelea kulamba.