Ngeli ya Ndege

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa kumi na mbili na robo,
Bwana Mtweve ananifungulia geti la mabwawa ya majitaka, Vingunguti,
na swali lake la kila mwaka:
"Mwalimu, huko kwingine hakuna ndege wa kunukia?"
Namwambia wapo. Ila hawa ndio wametoka mbali.

Bwawa la tatu. Upepo unatokea Buguruni, nashukuru.
Darubini yangu ya mtumba ina ukungu jicho la kushoto,
kwa hiyo nahesabu kwa jicho moja, kama fundi saa:
vitwitwi arobaini na mmoja
(wa arobaini na mbili alikuwa kipande cha ndala),
yangeyange sita, lakini hao wenyeji, siwaandiki,
mbayuwayu hawahesabiki, wanashona hewa juu ya povu.
Wiki iliyopita vitwitwi walikuwa tisa.
Kumbe usiku, sisi tukigombana na mbu,
watu wameingia mjini bila hodi.

Kisha ile ya saa moja kasoro inapita, magurudumu nje,
chini mno, hata Mtweve anashika kofia,
na bwawa zima linanyanyuka.
Ndege inatua, ndege wanaruka.
Lugha yangu iliwapa jina moja
ikamwachia kiambishi kazi ya uhamiaji:
nani apite mlango wa wenye roho,
kipi kipite mlango wa vitu.

Nimefundisha hilo darasa la sita miaka kumi na minne.
Ndege hii, yenye rubani. Ndege huyu, mwenye moyo.
Wino mwekundu niliomaliza kwa ajili ya ndege tu,
ungepaka rangi choo cha walimu.

Mwaka jana nilikuja na Chande,
mtoto wa mama muuza supu kule machinjioni,
aonaye mbali kuliko darubini.
Akanishika kiwiko. "Yule, wa tatu kutoka kwenye tairi. Ana pete."
Kweli. Pete ya chuma, na juu ya goti utepe wa manjano
wenye herufi mbili na tarakimu
tulizozingoja nusu saa
mpaka mwenyewe amalize kujikuna, atoe mguu topeni.
Mtu fulani, mahali penye baridi,
alimfumbata huyu kiganjani, akausikia moyo ukienda mbio,
akamwachia.

Jumatatu Chande akaandika:
*Ndege ilitoka Ulaya. Ina namba mguuni. Haikupotea njia.*
Nikainua kalamu.
"Lakini mwalimu, ana chuma, ana namba,
amepita juu ya nchi zote zile. Sasa niandike huyu, au hii?"
Darasa likacheka.
Mimi nikatafuta chaki iliyokuwa mkononi mwangu.

Machi, baada ya mto kuingia ndani mara ya pili,
nyumba yao ya bondeni iliamka na alama ya X ukutani,
nyekundu, ya mkono wenye haraka. Kama wangu.
Masufuria ya supu yakapanda kirikuu kwenda Chanika.

Leo namtafuta mwenye manjano. Simwoni.
Nazunguka bwawa la nne, la tano, narudi.
Kesho maji yakipwa nitashuka Daraja la Salenda,
kule wanashukia wakubwa, sululu.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe;
huyu kaja na jina la chombo chenyewe,
na kwa domo lake lililopinda
kaanza kuchimba tope kabla hajakaribishwa.

Wingu la vuli linajikusanya upande wa Pugu.
Nafunga daftari kwa mpira wa nywele.
Getini Mtweve anauliza wangapi, namtajia,
anaguna kama mtu aliyetajiwa bei.
"Na yule wa mwaka jana?"
Hayupo, namwambia.
"Atarudi," anasema, anatafuta tundu la kufuli kwa kidole.

Simwulizi amekusudia nani.
Ngeli ni ileile.