Majivu Ndani ya Kiini

Saa nane za usiku, Hombolo. Umeme umekatika tena,
nami nachemsha maji kwa mkaa, naongeza kikombe kwa kikombe
kwenye tangi la mayai ya kambale,
maana baridi ya Juni huku kwetu haina adabu.
Kipimajoto kinasema ishirini na nne. Sikiamini.
Natumbukiza kiwiko, kama anayeogesha mtoto.

Jana nilimkamua mama yao:
kidole gumba tumboni, taratibu, kutoka kifuani kwenda mkiani,
mayai yakamiminika kwenye beseni, kahawia yenye ukijani,
kama uwele unaotoka kwenye ungo.
Baba yao tulimpasua. Ndivyo walivyo kambale,
mbegu ya dume haitoki kwa kubembelezwa.
Mama nilimrudisha bwawani. Akazama, hakugeuka.
Malezi yote yaliishia hapo.

Sasa wamelala juu ya wavu, maelfu,
yatima ambao mama yao bado anaogelea.
Na maji haya si maji, ni mchuzi:
mavi ya bata, majani yaliyooza, mate ya ng'ombe wa Malogo,
na bakteria wasiohesabika, kila mmoja ana njaa.
Kiinitete hakina damu ya kupigana.
Hakina kovu la kumkumbukia adui.
Moyo wenyewe ni nukta inayojaribu kudunda.

Nilimuuliza Lechipya, yule kijana wa chuo kikuu
mwenye boksi la barafu na viatu visivyojua matope:
hawa wanaishije?
Hakujibu. Alichukua mayai ishirini, akayasaga,
akadondosha majimaji yake kwenye sahani iliyopandwa bakteria.
Keshokutwa yake akaniletea sahani.
Ukungu mweupe umetanda kote,
ila pale alipodondosha: duara tupu, safi,
kama uwanja uliofagiliwa asubuhi ya msiba.

"Protini," akasema. "Mama huzitengeneza kwenye ini,
zikasafiri na damu hadi kwenye yai, zikatulia kiinini.
Nyingine humng'ang'ania bakteria asisogee,
nyingine humtafuna ukuta mpaka apasuke.
Mtoto hajaanguliwa, keshapewa."

Nikacheka. Akadhani sikuelewa.

Mwaka ule mvua iliponyesha siku tatu ikasahau njia ya kwetu,
mama yangu, Sechelela binti Ndahani, alipelekwa Mirembe
kwa gari la kata, huku akiimba.
Tukabaki watoto wanne na kihenge.
Shangazi alikifungua akitarajia vumbi la fukusi.
Akakuta uwele mzima, punje kwa punje,
umechanganywa na majivu laini,
majivu aliyoyachekecha usiku, wakati sisi
tukidhani anazungumza na ukuta.

Tulikula kwa mlenda. Miezi kumi na moja sikumwona.
Kila tonge lilikwaruza meno kidogo,
na mkwaruzo huo ndio sauti yake ninayoikumbuka zaidi.

Sisemi samaki anapenda. Sijui.
Wala sisemi inatosha:
tangu magharibi nimeondoa kwa unyoya wa kuku
mayai meupe mia mbili na kitu, yaliyokufa yasiozeshe majirani.
Na mdogo wetu Nyemo hakuiona Desemba,
uwele ukiwa bado umejaa hadi kifuani mwa kihenge.

Umeme umerudi. Pampu inakohoa.
Nainamisha tochi: ndani ya yai moja
mkia umejikunja, unapiga, unapumzika, unapiga,
na ngozi ya yai inatetemeka kama kifuniko cha sufuria.
Humo ndani, nashindwa kuona, ini la mwingine linafanya kazi.

Naweka kikombe chini. Nachukua unyoya.
Meupe mapya: matatu.